YAH: CHAKULA CHA MCHANA NA BIASHARA YA GETINI, MUHULA WA PILI

Ndugu wazazi na walezi,

Matokeo ya mtihani yamo kwenye ripoti aliyokuja nayo mtoto. Barua hii ni ya chakula, maana ndicho kilichozua maneno mengi kikaoni.

Wapo waliosema shule imewafukuza mama lishe. Hakuna mama lishe aliyefukuzwa getini. Kilichokatazwa ni soda, juisi za unga, barafu za mifuko na ubuyu wa rangi. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, yaani vijiko vya chai 7 hadi 8. Mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, ndizi na machungwa ruksa. Sambusa pia, ila mafuta yakishakuwa meusi yamwagwe, yasiongezewe mapya juu yake. Mzazi anayesema hela ni yake na mtoto ale atakacho, ajue ile mia mbili huwa imekwisha saa nne. Saa nane mtoto kalalia daftari.

Mchango wa muhula ni mahindi kilo 12 na maharage kilo 4. Kila mtoto anapimiwa unga gramu 120 na maharage gramu 40 kwa siku. Zidisha kwa siku 95 za masomo, utapata kilo 11.4 na 3.8. Kinachobaki kinafidia takataka. Asiyeweza kwa mkupuo alete mara mbili, amwone mwenyekiti wa kamati. Mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Tutaendelea kusaga dona. Najua wapo wanaokiita chakula cha jela, lakini ukikoboa unatupa kiini na ganda, na humo ndimo yalimo madini ya chuma na vitamini B kwa wingi.

Mahindi mabichi, yaani yasiyokauka vizuri, hatutapokea. Yanaota ukungu stoo na kuleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Pimeni nyumbani: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi yake, chumvi kavu vijiko vikubwa 2 au 3. Tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

Stoo itapokea nafaka Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya kabla ya kufungua shule, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Andikeni jina la mtoto na darasa kwenye kiroba.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu