Barua kwa mwanangu anayetaka kupanga Davis Islands

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Shangani hatujambo. Nyumba hiyo ya Davis Islands, kule Tampa, Florida, Marekani, nimeielewa: unavuka daraja tu uko katikati ya mji, na hospitali ya Tampa General iko hapohapo kisiwani. Kelele za vindege vya uwanja wa Peter O. Knight, kule ncha ya kusini, utazizoea. Bahari ndiyo ya kuiwazia.

Ardhi ile ni ya kujaziwa. Miaka ya 1920 mfanyabiashara wa viwanja, D. P. Davis, alichota mchanga chini ya Ghuba ya Tampa, akajaza, akauza viwanja. Ndiyo maana pako chini na tambarare. Sisi wa Mtwara bamvua linatupandishia maji mita 3 na ushei, kwa hiyo ufuo tunauheshimu. Kule Tampa kujaa na kupwa kwa kawaida hakufiki hata mita 1, basi watu wamejenga maji yakiwa mlangoni. Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita mbali baharini, wala hakikutua Tampa, lakini kilisukumia ghubani maji zaidi ya mita 2 juu ya kiwango cha kawaida cha maji kujaa, yakaingia majumbani. Wiki 2 baadaye Milton kikatua kusini ya ghuba, upepo ukayafukuza maji hadi ghuba ikakauka kingoni. Kwa hiyo usikitazame kimbunga kwa ukali wake tu. Tazama kitapita upande gani.

Mwombe mwenye nyumba cheti cha mwinuko. Humo mna kimo cha sakafu na kimo cha mafuriko yanayotarajiwa. Sakafu ikiwa chini ya mafuriko, achana nayo, hata kodi iwe ya kutupwa. Nyumba za zamani nyingi zimelala chini, mpya zimenyanyuliwa, gereji ikabaki chini. Tangu Oktoba 2025 sheria ya Florida inamtaka mwenye nyumba akueleze kwa maandishi habari za mafuriko, mkataba ukiwa wa mwaka au zaidi. Hata hivyo tumia macho. Fungua kabati chini ya sinki, tazama bawaba na skrubu kama zina kutu. Kagua miimo ya milango kwa chini, kama mbao zimevimba. Ukuta ukiwa mpya hadi kiunoni na wa zamani kwenda juu, maji yalifika hapo.

Bima ya mwenye nyumba hailipi vitu vyako. Kata yako ya mafuriko; ile ya serikali inalipa vitu vya ndani hadi dola 100,000, ila huanza kufanya kazi baada ya siku 30, na gharama za hoteli ukihama haizilipi. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni, basi kata Aprili. Gari lina bima yake mbali.

Kisiwa chote kiko eneo A, linalohamishwa kwanza, na njia ya kutoka ni upande wa kaskazini tu. Wakitangaza watu wahame, toka siku hiyohiyo. Gari ukiliacha, liache ghorofa ya juu ya maegesho ya mjini. Likiwa la umeme na likalowa maji ya chumvi, usilichaji wala usiliweke karibu na nyumba. Betri huweza kuwaka hata siku kadhaa baadaye.

Cheti ukikipata, nitumie picha WhatsApp kabla hujalipa amana.

Baba yako,
Mtwara