Kila Kiti na Mfuko Wake: Barua kwa Wazee Wenzangu wa Kilifi

Kwa wazee wenzangu, wake kwa waume, kuanzia Rabai hadi Magarini,

Salamu nyingi. Nawaandikia mapema, kabla leso za kampeni hazijaanza kugawanywa, maana zikianza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma barua. Uchaguzi mkuu ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Lakini wenyewe mmeona: wageni wameanza kufika matangani, michango yao inasomwa kwa kipaza sauti, na kila mmoja anatuita mama, baba, nyanya, kana kwamba sisi ndio tuliomwogesha utotoni.

Juzi hapa kwetu alikuja kijana anayetaka kuwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Kijana mpole, na amevaa akapendeza. Akasema tukimchagua, pesa za wazee zitatoka shilingi 2,000 zifike 5,000. Vigelegele! Jirani yangu mmoja aliinuka akacheza, na magoti yake nayajua. Nikanyosha mkono, nikamuuliza, "Mwanangu, hizo pesa utazitoa mfuko gani?" Akacheka. "Mwalimu, hayo tutayaangalia tukishafika." Baadaye nikalaumiwa kwamba nimemwaibisha mgeni.

Wazee wenzangu, pesa za wazee, yaani Inua Jamii, ni za serikali kuu. Kiasi chake hupangwa Nairobi, kwenye bajeti inayopitishwa na Bunge la Taifa. MCA hana hata ufunguo wa geti la nyumba hiyo. Kijana yule ama hakujua kazi anayoiomba, ama alijua akaona sisi hatujui. Sijaamua ni lipi baya zaidi.

Siku ya kura tutapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mama kaunti (mwakilishi wa wanawake wa kaunti bungeni) na MCA. Kila kiti kina mfuko wake na mipaka yake. Ukimlinganisha gavana kwa ahadi za rais, umepoteza kura mbili kwa mpigo mmoja. Ombi langu ni tuwaweke pamoja wanaotaka kiti kimoja, tuwaulize mambo ya kiti hicho, na tuyaandike majibu. Mimi nina daftari la kurasa 96, kama yale niliyokuwa nikisahihisha darasa la nne, na kila kiti nimekipa kurasa zake.

Nianze na rais, kwa sababu huko ndiko ziliko hizo 2,000. Ni 2,000 kwa mwezi, na zimekaa hapo hapo zaidi ya miaka kumi huku unga na mafuta ya taa vikipanda bila kutungoja. Tangu 2018 mpango huu ulifunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni. (Mimi sipati, nina pensheni yangu ya ualimu, kwa hiyo msidhani najipigia debe.) Tatizo ni kwamba usajili hufunguliwa kwa awamu. Umetimiza 70 leo, utangoja mpaka chifu aambiwe aandike majina tena. Na pesa zenyewe zikichelewa, mtu anatoka ndani huko Ganze, analipa boda boda hadi kwa wakala wa benki, anaambiwa bado, anarudi na deni la boda boda.

Mwaka 2022 wakubwa wawili walituahidi vitu viwili tofauti. Marehemu Raila Odinga, kwa upande wa Azimio, alisema familia zisizojiweza zitapata shilingi 6,000 kila mwezi. William Ruto wa Kenya Kwanza alisema kila Mkenya atapata bima ya afya. Ruto akashinda, NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka, na Oktoba 2024 ikaingia mpya, SHA. Hapo ndipo mlinganisho unapokuwa na maana, kwa kuwa sasa ahadi moja tumeiishi na tunaijua ladha yake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi tusio na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali, kisha tunapangiwa cha kulipa. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hudaiwa mwaka mzima kwa pamoja, na hiyo ni 3,600. Mzee anayepata 2,000 atailipaje kwa mkupuo? Serikali imesema itawalipia wasiojiweza. Basi kila anayetaka urais atuambie: orodha hiyo inaandikwa na nani, na mzee aliyeachwa nje analalamika wapi?

Na kwa wale ambao bado hawajajiandikisha SHA: dispensari na vituo vya afya vinatakiwa vikuhudumie bure ukiwa umejiandikisha tu, hata kama hujalipa. Michango huulizwa ukienda hospitali kubwa. Wengi wanakaa nyumbani na maumivu wakidhani hawana haki hata ya dispensari.

Anayetaka urais mimi namwandikia maswali matatu: kiasi gani, tarehe ngapi ya mwezi, na anayetimiza 70 kesho ataandikishwa lini. La pili kwangu ndilo zito. Afadhali 2,000 inayofika tarehe inayojulikana, duka likakukopesha kwa imani, kuliko 5,000 iliyo mdomoni mwa mtu.

Gavana ndiye wa kumbana zaidi, na ndiye tunayemsamehe kwa urahisi. Katiba imeipa kaunti dispensari, hospitali za kaunti, famasi zake na ambulansi. Dawa yako ya presha iko mkononi mwa gavana kabla haijafika mkononi mwa nesi. Mwaka jana nilianza kuandika kila siku niliyokwenda dispensari kuchukua dawa zangu za presha. Nilikwenda mara tisa. Mara tano nilitoka na kikaratasi tu, nikaambiwa nikanunue duka la dawa. Nesi hana kosa, maskini, naye anaona haya hata kunitazama. Ila ukurasa huo ninao, na gavana aliyeko akija kuomba muhula mwingine nitamfungulia. Anayetaka kumng'oa naye asituletee wimbo wa "tutaboresha afya". Atuambie dawa za presha na sukari atazitengea shilingi ngapi, na nini atakipunguza ili zipatikane. Kaunti inalazimika kutuita tutoe maoni kabla ya kupitisha bajeti. Tuliokwenda mara ya mwisho tulikuwa wanawake wanne na mzee mmoja aliyekuja kukwepa mvua.

MCA hana ufunguo wa Inua Jamii, lakini ndiye anayepiga kura kwenye bajeti hiyo ya kaunti. Kijana wetu angesema, "Nitahakikisha dispensari ya wadi ina nesi wa pili," ningemwandika kwa kalamu nyekundu ya vema.

Mbunge hupitisha bajeti ya taifa, kwa hiyo swali la 2,000 ni lake pia, asikimbilie kutuonyesha madarasa ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lake. Seneta hupigania mgao wa pesa zinazokuja kaunti. Mama kaunti ana mfuko wa NGAAF, na wazee wasiojiweza wamo katika makundi unaopaswa kuyasaidia, ingawa mara nyingi tunaona mahema na viti tu.

Liko jambo moja ambalo hakuna mgombea atakayelitaja jukwaani asipoulizwa. Mnalijua. Katika kaunti yetu mvi zimekuwa hatari. Mzee anaitwa mchawi, na kabla jua halijachwa amekimbia boma lake, au hakuwahi kukimbia. Kule Ganze wako waliohifadhiwa Kaya Godoma, watu waliozaa na kulea, leo wanaogopa kurudi kwa watoto wao. Ukichimba, mara nyingi unakuta shamba: kesi ya ardhi iliyovishwa nguo ya uchawi. Wanasiasa wananyamaza kwa hesabu tu, vijana wana kura nyingi kuliko sisi. Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee aishi kwa heshima, asidhulumiwe, na atunzwe na familia yake na serikali. Polisi wako chini ya serikali kuu, kwa hiyo anayetaka urais na anayetaka ubunge waulizwe kesi hizi zitafika mahakamani vipi. Gavana aulizwe kama atatenga pesa za kuwalisha waliokimbia. Atakayejibu bila kutafuta maneno, mimi ninamwongezea alama hata kama chama chake sikipendi.

Mambo ya chama nisiyaseme sana, nina wajukuu katika vyama vitatu.

Sasa siku yenyewe. Agosti 2022, mbele yangu kwenye foleni alikuwako mzee aliyelima maisha yake yote. Mashine ikakataa kidole. Akajaribu kingine, ikakataa vyote kumi. Jembe lilikuwa limemfuta alama. Karani akamwambia, "Baba, nenda nyumbani." Mzee akageuka aende, fimbo mkononi, bila neno. Mwanamke mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Fomu 32A!" Ndipo msimamizi wa kituo akaja, wakatafuta jina lake kwa nambari ya kitambulisho, likapatikana, fomu ikajazwa, akapiga kura. Likariri jina la fomu hiyo kama jina la mkweo.

Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma ana ruhusa ya kuingia na mtu anayemwamini, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na mtu huyo humsaidia mpiga kura mmoja tu. Akija kijana wa kampeni na kusema anawasaidia wazee wote wa kijiji, mfukuzeni. Leso chukueni mkitaka, mimi sitawahukumu, ingawa sheria inaiita hongo, na mpaji hata mpokeaji anaweza kushtakiwa. Mimi yangu ya 2017 nimeifanya kitambaa cha kufunikia mtungi.

Daftari litakuwa barazani kwangu kila Ijumaa baada ya alasiri. Ukurasa wa gavana umejaa upande mmoja, wa MCA una jina moja na alama ya kuuliza. Kama umemsikia mgombea yeyote akitaja wazee, njoo na maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, na uje na miwani yako kwa sababu yangu imevunjika mkono mmoja.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu, Kaloleni