Jenereta ya kuchomelea: tuanze na fimbo, mashine baadaye

"Nataka ile ya ampea mia mbili." Ndivyo wasemavyo mafundi wengi wanaokuja dukani kwetu Chake Chake kuulizia jenereta ndogo ya kuchomelea. Sisi huuliza kwanza: unachomelea nini, na kwa fimbo (elektrodi) gani?

Fundi wa mageti na grili za madirisha, anayeshika bomba la mraba la milimita mbili, siku nzima yumo kwenye fimbo ya 2.5, yaani unene wa milimita 2.5. Hiyo hutaka ampea 60 hadi 90 hivi. Fimbo ya 3.2 ni ya chuma cha milimita nne kwenda juu, tuseme chesisi ya gari au miguu ya mnara wa tangi, nayo hutaka 90 hadi 130. Ya 4.0 huanzia kama 140, na hapo mashine nyingi za kubeba mkononi huanza kuhema. Ukilivaa bomba jembamba kwa 3.2 utalitoboa, ukipunguza moto (ampea) lisitoboke, fimbo inaganda. Watu hurudi wakailaumu mashine, kumbe fimbo. Moto ukiwa sawa, gamba linalobaki juu ya mshono hubanduka kwa kugongwa kidogo tu.

Ile namba kubwa ya ampea ubavuni mwa mashine isome pamoja na asilimia iliyo kando yake. Ampea 160 kwa asilimia 30 maana yake ni kwamba katika dakika kumi unachoma tatu, saba mashine inapumzika. Kipimo hicho kwa kawaida ni cha joto la nyuzi 40. Ukiiweka juani, muda unapungua. Anayechoma 2.5 kwa ampea 80 hafiki hata karibu na kikomo hicho, basi ya 200 aitakie nini?

Inveta, yaani mashine ya kuchomelea ya kielektroniki, ni nyepesi kwa sababu umeme wake hukatwakatwa mara maelfu kwa sekunde, hivyo transfoma inatosha kuwa ndogo. Ila ndani mna bodi, na bodi haipatani na hewa ya chumvi wala unga wa kusagia chuma. Ipulize kwa upepo mkavu mara kwa mara, khasa nyinyi wa Tumbe na Mkoani mnaofanya kazi pwani.

Wengine wana jenereta nyumbani, wanataka kununua inveta peke yake. Inawezekana. Kwa 2.5 jenereta isipungue kVA 4 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta), kwa 3.2 isipungue 6. Ile ndogo ya kuwashia taa na friji itazimika mara fimbo ikigusa chuma.

Masika yakiingia, fimbo nazo hunyonya unyevu, na mshono unajaa vitundu. Ikilowa fimbo ya aina ya 7018, kuianika juani hakusaidii kitu. Inataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi. Kwa kazi ya geti chukua fimbo ya aina ya 6013, pakiti moja moja, na ya pili usiifungue mpaka ya kwanza iishe.