Zai, waambie habari ya goti

Mwanangu Zai,

Assalaam alaykum. Sisi huku Ujiji hatujambo. Bibi yako naye hajambo isipokuwa macho, hofu ni kwako wewe uliye huko Dar. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikikuuliza goti unasema "niko poa mama", halafu unaniuliza bei ya dagaa. Karatasi hii huwezi kuikatia.

Yule wakala wako anayekutafutia klabu ya Uturuki kanipigia Jumanne. Kaongea kwa adabu sana, mama huku mama kule, mpaka nikajiuliza huyu kijana anataka nini kwangu. Mwisho ndipo akaitoa: "Mama, mtu yeyote akikuuliza habari za Zai, ya goti tusiyataje mpaka asaini." Nikamwambia mimi hao Waturuki nitaongea nao kwa lugha gani. Akacheka sana. Nilipokata simu nikakaa chini pale pale penye kichanja, wateja wakawa wananiita nawaona midomo tu.

Maana mpaka siku hiyo nilikuwa najiambia limepona. Kumbe halijapona, wewe unajua, na yeye anajua. Waambie, Zai. Kabla hujapanda ndege.

Desemba ulipokuja zile siku nne niliona mambo mawili nikanyamaza. La kwanza, ngazi za kwa Mama Shabani. Ulikuwa unashuka na ule mguu wa kulia mbele kila ngazi, umeunyoosha kama fimbo ya kipofu, mkono ukutani. La pili, siku ya Ijumaa ulisali Magharibi umekaa juu ya ndoo ya rangi. Ukasema ni uchovu wa basi. Mtoto wa miaka ishirini anayekimbia dakika tisini anasali amekaa, na nyuma yake bibi yake wa miaka themanini anasujudu mpaka chini! Bibi mwenyewe aliniuliza usiku, "Huyu mtoto ana nini?" Nikamwambia uchovu wa basi. Tukawa waongo wawili.

Ndugu yako Hamisi kila jioni ananisomea kwenye simu habari za wachezaji wa kike na magoti. Nimemkataza na bado namwambia asome. Anasema ndani ya goti kuna ligamenti, kama kamba inayoshika mfupa wa juu na wa chini visiachane, na kwamba wanawake hukatika hiyo kamba zaidi ya mara mbili kuliko wanaume. Nyonga zetu, viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu wa mwanaume, viwanja, mazoezi yasiyo na mtaalamu wa misuli, kila mtu ana sababu yake. Kanisomea yule Mhispania, Alexia Putellas, aliumia Julai 2022 Kombe la Ulaya likiwa mlangoni, akarudi Aprili mwaka uliofuata, na Agosti akabeba Kombe la Dunia. Hiyo Hamisi aliisoma kwa sauti kubwa ili nifurahi. Ya Sam Kerr wa Australia akaisoma polepole: kaumia Januari 2024, kurudi uwanjani Septemba 2025. Hesabu hiyo miezi. Na huyo aliumia akiwa mchezaji wa Chelsea, amezungukwa na madaktari. Ukikatika wewe huko ugenini, kwenye timu ambayo hata jina lake mimi nalitamka vibaya, nani atakaa na wewe miezi hiyo yote?

Usiniambie halijakatika. Hujapima. Hujui na mimi sijui.

Mwalimu wa jirani, yule aliyestaafu, nilimpelekea jambo hili bila kumtajia jina, nikasema ni la mtoto wa shoga yangu. Bila shaka alijua. Akaniambia kanuni za FIFA haziruhusu mkataba uwekewe sharti la mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Ukishasainiwa umesainiwa. Kwa hiyo klabu yenye akili humpima mtu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sasa fikiria, mwanangu. Watakulaza kwenye ile mashine, picha itatoka, na daktari atakuwa anaiangalia huku wewe umekaa unatabasamu. Ya nini aibu hiyo? Na wasipokupima, ndiyo mbaya zaidi, maana klabu isiyotaka kujua goti lako likoje kabla, haitataka kujua baada. Akaniambia pia uulize kama mkataba unasema nani analipa matibabu ukiumia kazini, na kama mshahara unaendelea. Na kuna kingine cha uzazi, kwamba tangu 2021 FIFA imeweka wiki kumi na nne za likizo yenye malipo kwa mchezaji anayejifungua. Hilo Mwalimu alilisema akiangalia pembeni. Nami nalipita haraka, nisije nikaonekana nakuagiza wajukuu.

Pasi ya kusafiria ukae nayo mwenyewe. Hata wakala akisema anakutunzia.

Baba yako hajui kitu. Yuko Kalemie tangu wiki iliyopita kwa ile biashara yake ya vitenge, na huko anatamba kwa Wakongo kwamba binti yake anakwenda Ulaya. Baba yako huyo huyo! Ya viatu vyako sitayataja, unayajua kuliko mimi. Ila Julai 2025 ungemwona kibandani, Twiga Stars wako Morocco kwenye Kombe la Afrika la wanawake, Opa Clement alipowafunga Afrika Kusini, chai yote ilimwagika kwenye kanzu. Afrika Kusini wakasawazisha na bado alirudi nyumbani ameshiba. Miaka kumi na tano nchi hii haikuonekana kwenye mashindano yale. Walipokwenda mara ya kwanza 2010 wewe ulikuwa unavaa viatu vyangu ukaanguka navyo mlangoni. Sasa wamefuzu tena kwa ya 2026, na najua ndicho kinachokukera usiku. Unaogopa ukisema goti, jina lako litarukwa. Ulionja dakika kumi na nne na jezi ya Taifa, unataka tisini. Nakuelewa. Lakini India 2022, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, pia ulitaka, ukanyamaza na maumivu wiki mbili kambini, na unajua iliishaje. Wenzako waliwafunga Ufaransa mbili kwa moja wewe mguu uko juu ya mto. Sirudii.

Tena kuhusu mwaka ule. Yule mzee mkandaji wa kule juu, na mawese yake ya moto, ni mimi niliyemchagua. Watu walisema mpelekeni hospitali ya mkoa, mimi nikasema mzee huyu amewanyoosha wavuvi wangapi. Alipolivuta likalia ko, alifurahi, akasema limerudi mahali pake. Mimi ndiye niliyekushika mabega. Siku nyingine nikiwa nageuza dagaa nausikia ule mlio.

Hapa mvua imezidi. Dagaa haiwezi kukauka kwa jua la saa mbili tu kwa siku, inageuka nyekundu na wateja wa Tabora hawaitaki. Walioanika mchangani wamepoteza kabisa, sisi wa vichanja tunaokoa kidogo. Kuku wako yule mweusi alitotoa kumi na mmoja, kenge kala watatu. Hamisi anasema mwewe, lakini mimi nimeiona alama ya mkia.

Kile kikoba, Zai. Mwaka 2024 ulinitumia laki nne na nusu mwezi wa tano, ukasema mama nitunzie, ligi ikisimama nikapime goti kwa MRI, ile mashine ya picha. Ulipoziulizia nilikwambia ziko kikobani na kikoba hakijavunjwa. Kilivunjwa Juni kama kila mwaka. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na Kibirizi palikuwa kama msibani, vichanja vitupu na kunguru tu. Hamisi akadaiwa ya bweni. Bibi akaanza macho. Nilisema nitazirudisha ziwa likifunguliwa, na ziwa lilipofunguliwa wewe ulikuwa umeshaanza kucheza na hukuuliza tena. Ungeuliza! Mbona ya simu mpya uliuliza kila siku? Basi. Nimeandika, iko kwenye karatasi.

Nilitaka kukuuliza pia kama yale mazoezi ya kupasha mwili mnayafanya kweli. Hamisi kaniambia FIFA wana ya kwao, yanaitwa 11+, dakika ishirini hivi, ya kujifunza kutua na kugeuka bila goti kuingia ndani. Kanionyesha video, nikamwambia aruke na yeye, magoti yake yakagongana kama milango mibovu. Nikakuona wewe vile vile, kwenye ile klipu ya bao lako la kona. Watu wote walikuwa wanaangalia mpira, mimi naangalia unatua. Ulitua mguu mmoja. Ukashangilia umesimama, mikono kiunoni, wenzako ndio waliokufuata. Zamani ungekimbia mpaka kwenye kibendera.

Bao lenyewe lilikuwa zuri, nisikunyime. Nililionyesha soko zima. Mama Shabani alisema Zai anapiga kichwa kama mwanaume, nikamwambia anapiga kama Zai. Siku hizi sokoni siitwi kwa jina, naitwa mama mchezaji, na wachuuzi wa vitunguu wananiongezea kimoja. Hamisi anawataja akina Aisha Masaka aliyekwenda Häcken kule Sweden kisha Brighton ya Uingereza, na Clara Luvanga aliyekwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, kama anavyotaja majina ya mitume, na wewe amekupanga wa mwisho kwenye orodha. Nikamwambia huyo bado hajafika. Akanuna. Sijui kwa nini nilisema vile mbele ya watu.

Sasa jambo la bati. Usije ukadhani nakwambia uwaeleze ukweli kwa sababu hela yao siihitaji. Naihitaji. Wakala alipotaja ile ya kusaini, kesho yake nilikwenda dukani nikatanguliza malipo ya bati ishirini za geji ishirini na nane, rangi ya damu ya mzee. Chumba cha bibi kinavuja, sufuria tatu chini usiku kucha. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu, hakuna aliyenituma. Kwa hiyo mimi na yule wakala hatujapishana sana, na ndiyo maana sikumjibu vibaya. Lakini mwenye duka ni mtu mwelewa, atanibadilishia au atasubiri. Ukiwaambia na wakasema rudi, rudi. Ukiwaambia na wakasema njoo tukupime, tukupasue, tukusubiri, hapo nitajua ni watu. Hamisi anasema baada ya upasuaji ni miezi tisa angalau, na anayerudi kabla ya hapo, hiyo kamba ni rahisi zaidi kukatika upya. Una miaka ishirini. Miezi tisa mimi nimewahi kuisubiri kwa ajili yako, tena nikiwa natapika kila asubuhi.

Nguo za baridi usinunue Kariakoo bei ya kwanza. Kuna sweta la baba yako nimeliweka, ni la kijani, litakupwaya, livae ndani ya koti. Sala usiache, hata ukiwa umekaa, sikukusuta kwa hilo. Mtu akikuomba picha usikatae, na akikuomba hela mwambie hela ziko kwa mama. Watanicheka lakini watakuacha.

Dagaa ni kilo tatu. Mfuko mweupe ni wako, umekaangwa kwa chumvi na pilipili, utavumilia safari. Mfuko wa bluu ni wa yule mama anayekupangisha, usimpe mweupe. Furushi nampa kondakta pamoja na barua hii, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hivyo ukiipata soma kabla hujapokea simu ya mtu. Kisha mpigie daktari wa hao Waturuki, umwambie goti la kulia, tangu 2022, halijapimwa. Maneno hayo tu. Kiingereza unakijua, nilikulipia tuisheni.

Ndani ya mfuko wa bluu, chini kabisa, kuna bahasha. Ni laki moja na elfu themanini. Zilizobaki nitatuma kidogo kidogo dagaa ikikauka. Zimekaa na samaki usiku mzima, kwa hiyo zianike kidogo juani kabla hujazipeleka pale kwenye kipimo, yule dada wa dirishani asije akazikataa.

Mimi mama yako,
Ujiji