Barua kwa Mwanangu: Usipande Ndege Hamjasemezana

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo, na shangazi yako anaendelea vizuri na mguu wake. Dada yako amenipa habari iliyoninyima usingizi: tangu mlipogombana kwa ajili ya safari yako ya Doha, wewe na mchumba wako hamsemeshani, na aliyefunga mdomo ni wewe. Anapiga simu, hupokei. Anatuma ujumbe, unausoma, hujibu. Na Jumamosi unapanda ndege. Unaondokaje namna hiyo, baba?

Ningekuja nikwambie ana kwa ana, lakini wewe ukiambiwa usilolipenda unainamia simu. Basi soma.

Ndani ya bahasha mna flashi. Nimekuwekea zile filamu zangu za mapenzi na vichekesho, za Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940. Kabati unalijua na kanda unazijua, sirudii. Ila zamani ulikuwa unacheka mbwa na chui wa humo tu. Sasa unataka kuoa, nakuomba uzisikilize wanavyosema.

Anza na The Awful Truth ya mwaka 1937. Humo Cary Grant anaigiza mume aliyemdanganya mkewe, ambaye ni Irene Dunne, kwamba alikwenda Florida. Amejiweka chini ya taa apate rangi ya jua, akamletea na machungwa. Mke akiligeuza chungwa, limepigwa mhuri wa California! Naye ana lake la kuulizwa. Wanafikishana mahakamani, wanapeana talaka, wanagombania hata mbwa. Lakini angalia jambo moja: hawaachi kusemezana. Mmoja akichokoza, mwenzake anajibu. Yule akijitia hajali, huyu anamuumbua. Usiku wa mwisho kabla talaka haijatimia, kila mmoja na chumba chake, mlango wa katikati haufungiki sawasawa, na bado wanaongea. Leo McCarey alipata Oscar ya uongozaji kwa kazi hiyo. Alipenda waigizaji wabuni palepale kamera ikiwa tayari, na ndiyo sababu maneno yao yanatoka kama ya watu waliokaa nyumba moja.

Kisha His Girl Friday ya 1940. Hapo utahitaji masikio mawili mazima, maana Howard Hawks aliwaagiza waigizaji waingiliane maneno, huyu hajamaliza yule keshaanza. Filamu ilitokana na tamthilia ya jukwaani, na humo mhusika wake, mwandishi wa habari, alikuwa mwanamume. Hawks akamfanya mwanamke, tena aliyewahi kuwa mke wa mhariri wake. Rosalind Russell, aliyemwigiza, hakubali kushindwa hata kwa neno moja, na Grant, ndiye mhariri, hamtaki akishindwa. Raha yake ni kumpata mtu wa kumrudishia. Wewe mchumba wako ni mwanamke wa namna hiyo, mwanangu. Nilimpenda siku ile alipokubishia mbele yangu kuhusu mahari na akawa na haki. Usimwadhibu kwa jambo lile lile lililokuvuta kwake.

Usidhani watu wale walikuwa na maneno mengi kwa sababu ya upuuzi. Kuanzia katikati ya mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa kwelikweli na kanuni za maadili. Mambo ya chumbani hayaonyeshwi. Mara nyingi hata mume na mke wa ndoa waliwekewa vitanda viwili. Waandishi wakabaki na mdomo tu wa kupitishia mapenzi. Kwa hiyo matani, masuto, hata ugomvi, vyote vikafanya kazi ya mapenzi. Nawe utakuwa Doha, yeye yuko huku. Kanuni yenu ndiyo hiyo hiyo: hamtakuwa na kitu ila maneno. Ukianza kwa kuyakata, umebakiza nini?

Nikwambie na habari za waigizaji wenyewe. William Powell na Carole Lombard walioana mwaka 1931, wakaachana 1933. Ilipokuja kutengenezwa My Man Godfrey, iliyotoka 1936, Powell ndiye aliyesema nafasi ya mwanamke apewe Lombard. Mtu na mtalaka wake, wakasimama pamoja mbele ya kamera, na kila mmoja akamwachia mwenzake nafasi ya kung'aa. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Lombard alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1942, ana miaka 33, akitoka kuuza hati za kuikopesha serikali pesa za vita. Simtaji kukutia hofu ya ndege. Mtu hajui siku yake, ndilo nililotaka kusema, na wewe unanuna kama mwenye miaka ya kuchezea.

Na huyo Cary Grant ambaye wote tunamwona hana dhiki duniani: alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904, jina lake Archibald Leach. Akiwa bado mtoto, mama yake alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na yeye hakuambiwa ukweli. Alikua akiamini mama hayupo tena. Alishapita miaka 30, ameshaanza kuwa nyota, ndipo akajua yu hai. Nyumba nzima ilinyamaza. Huwa namkumbuka mama yule ninapomwona Grant anacheka. Baba yako naye alikuwa mtu wa kunyamaza, Mungu amrehemu, na mimi nilijifunza kunyamaza vizuri kumshinda. Wewe ulikuwa chumba cha pili ukisikiliza. Basi.

Kama huna muda wa zote, tazama moja tu, The Shop Around the Corner ya 1940, ya Ernst Lubitsch. Ni duka la Budapest, mkesha wa Krismasi unakaribia. James Stewart na Margaret Sullavan wanafanya kazi pamoja na hawapatani kabisa; kumbe kila mmoja anaandikiana barua za mapenzi na mtu asiyemjua, na mtu huyo ni huyu huyu wa kaunta ya pili. Stewart anagundua kwanza. Sasa kuna mahali Lubitsch anaonyesha kisanduku cha posta kwa upande wa ndani: mkono wa yule msichana, umevaa glavu, unaingia na kupapasa, hamna barua. Halafu uso wake unachungulia kwenye tundu. Hakuna linalosemwa pale. Nimeiona miaka mingi na kifua hunibana kila mara. Mwanangu, simu ya binti wa watu sasa hivi ndiyo kisanduku kile.

Sikwambii kila kilichomo ni cha kuiga. The Philadelphia Story inaanza na mume anamsukuma mkewe usoni mpaka chini, na watu hucheka. Mimi sicheki, na wewe usicheke. Watu weusi humo wengi ni watumishi na wabeba mizigo, utaliona mwenyewe. Lakini Katharine Hepburn wa filamu hiyo nampenda sana. Mwaka 1938 wenye kumbi za sinema walimtangaza kuwa ni sumu kwa biashara. Akarudi jukwaani na tamthilia ya hadithi hiyo hiyo, akashika haki zake za filamu, akawauzia studio ya MGM kwa masharti yake. Hakunyamaza akangoja waje kumbembeleza. Ndiye huyo aliyekuja Kongo na Uganda mwaka 1951 kwa filamu ya The African Queen, akaugua huko na kazi akaimaliza.

Najivunia wewe, usidhani sijivunii. Umesoma kwa shida, kazi umeitafuta mwenyewe, na dada yako asingefika chuo bila mkono wako. Ndiyo maana naumia kuona mtu mwenye akili kama yako anashindwa kusema, “Ulichosema kiliniuma.” Mpigie. Kama atakufokea, mwache akufokee, kisha mjibu. Usimtumie salamu kupitia kwa dada yako.

Pesa ya mabati nimepata. Fundi amesema atakuja baada ya Ijumaa, ila anataka misumari inunuliwe kwanza, na mimi sijampa. Koti lako zito lipo kwangu, nimeambiwa ofisi za huko zina baridi ya kiyoyozi, kwa hiyo atakuletea kijana wa mjomba wako. Vyeti vyako toa nakala mbili, moja uniachie. Mchele wa safari usibebe, huko upo.

Ukishazungumza naye nitumie ujumbe, hata saa sita za usiku, simu yangu sizimi.

Mama yako