TAARIFA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA, MWAKA 2024: ULINZI WA MTAA, BIASHARA YA UNGA NA SUALA LA SANDUKU

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana, mtendaji wa mtaa na mgeni wetu mkaguzi wa polisi kata: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila Januari. Hii ni ya kuanzia Januari hadi Desemba 2024. Nimeiandika yote badala ya kuongea kwa kichwa, ili mwaka huu asitokee mtu wa kusema mwenyekiti alisema hivi wakati hakusema.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliendelea. Mtaro wa bondeni ulizibuliwa kabla ya masika. Misiba minne tulishiriki na rambirambi zilifika. Doria ya vijana wa ulinzi shirikishi ilifanyika mwaka mzima isipokuwa Agosti, posho zilipochelewa, na nitasema kwa nini zilichelewa. Novemba kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, nusu ya kamati ikawa kwenye kampeni, kikao hakikukaa. Basi.

MAHUDHURIO

Tuna wanachama 143 kwenye daftari. Mkutano wa Machi walikuja 38. Wa Juni walikuja 31, na kati yao wapo waliokaa mpaka soda zilipogawiwa wakaondoka nazo. Mkutano wa dharura wa Oktoba, ulioitishwa kwa shinikizo la watu waliodai mwenyekiti ajieleze, ulijaa mpaka watu wakasimama nje ya uzio. Nimeuandika huo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Siku ya kumhukumu mwenyekiti nafasi haitoshi. Siku ya kupanga doria tunakaa wenyewe na mabenchi.

SUALA LA SANDUKU

Hapa nitakaa kidogo, maana maneno, kwamba mwenyekiti alitumia sanduku letu la kura za siri kumchongea kijana wa mwenzetu kwa polisi, yamesemwa dukani, msikitini, kanisani, na hata msibani maiti ikiwa bado ndani.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Hakuna asiyejua kwamba kona ya pagale lile la karibu na kibanda cha chipsi ilikuwa soko la unga, yaani heroini. Mchana mateja, yaani watumiaji, wamelala ukutani na arosto zao, ile hali ya kuumwa wakiukosa unga, wakisubiri. Jioni pusha, yaani muuzaji, anakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mitupu, simu tu. Mteja anatuma hela kwa simu, pusha anainua kidevu, mtoto wa miaka kumi na kitu anakwenda kwenye rundo la matofali, anainua tofali moja, anarudi na kete ya unga iliyofungwa nailoni, ndogo kama punje ya mahindi. Anayeuza hagusi mali, na anayebeba ni mtoto. Ndiyo maana mara zote polisi walipopita pale na pikipiki walimkuta bwana yule anakunywa maji.

Mwezi wa tatu tulikubaliana hapa hapa, muhtasari upo, kwamba tushirikiane na polisi. Swali likawa tunashirikiana vipi. Upande mmoja, wakiongozwa na vijana, walitaka tuchome pagale na tuwashughulikie mateja wenyewe. Nilikataa. Teja aliyeuawa kwa kipigo haachi jina la aliyemuuzia. Anaacha kesi ya mauaji kwa watoto wetu. Upande wa pili walitaka majina yasomwe mkutanoni, mchana kweupe, "kama alivyofanya Makonda". Hilo nalo nilikataa, na naomba nieleweke.

Februari 2017, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitaja majina hadharani, ya wasanii na ya watu wakubwa, wakatakiwa kuripoti polisi. Nchi nzima ilizungumza. Wengine walijitokeza mbele ya vyombo vya habari kukana. Sina nia ya kumsema mtu, lakini yeye alikuwa Mkuu wa Mkoa mwenye ulinzi. Mimi nalala nyumba ya vyumba vitatu, dirisha la chumbani linaangalia kona ileile. Na aliyetajwa kwa uongo mtaani kwetu atakwenda kukana wapi? Hapa jina likishatoka halirudi.

Kwa hiyo kamati, chini ya uongozi wangu, iliamua kupiga kura ya siri. Fundi seremala alitutengenezea sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mtendaji wa mtaa, wa pili mweka hazina. Nasema tena kwa wale wa nyuma: mwenyekiti hakuwa na ufunguo. Sanduku lilikaa ofisi ya mtaa wiki mbili, kila mwenye la kusema akaandika akatumbukiza, kisha likapelekwa kituoni likiwa limefungwa na kufunguliwa huko mbele ya wenye funguo. Karatasi 61. Kamati haikuandika orodha, haikubaki na nakala. Kitu kimoja tu kilitoka mle, na kimetoka kwa sababu mweka hazina alishindwa kuzuia kicheko: karatasi mbili zilikuwa na jina langu, moja imeongeza "kwa kula hela za taa". Nimesamehe. Hela za taa zimo kwenye hesabu hapo chini.

Sasa, Septemba polisi walikuja usiku na difenda mbili. Walikamatwa watu 11. Tisa walikuwa mateja waliokutwa ndani ya pagale. Wawili walikutwa na kete, na mmoja kati yao ni mtoto wa mwenzetu, mwanachama wa siku nyingi, mtu ninayemheshimu. Toka siku ile inasemwa kwamba mwenyekiti ndiye aliyeandika jina la kijana, eti kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa uzio. Ugomvi wa uzio uliisha 2022 na tukala pilau pamoja. Kesi iko mahakamani, sitaizungumza. Ninachozungumza ni hiki: kijana hakukamatwa kwa karatasi. Karatasi haimfungi mtu. Kura ya siri inawaonyesha polisi pa kuangalia, basi. Anayekutwa hana kitu anarudi kwao.

Na hapa ndipo palipo kiini, ambacho wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa wamezima taa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inataka mali ikikamatwa iandikiwe hati pale pale, mshitakiwa asaini, na shahidi huru, yaani raia asiye askari, naye asaini. Kisha vielelezo vinafungwa, vinatiwa lakiri, vinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuthibitisha kwamba ni heroini kweli na si unga wa sembe. Kila mkono unaopokea unaandikwa. Kiungo kimoja kikikatika, wakili anasimama na mtuhumiwa anatoka. Ndiyo sababu ya yale malalamiko yetu ya kila siku, "wanakamatwa leo, kesho wako mtaani, polisi wamekula". Sisemi hakuna anayekula, mgeni wetu anisamehe. Nasema kesi nyingine zinakufa kwa kukosa saini ya mtu mmoja, na hilo ni letu sisi, siyo la polisi.

Usiku ule askari aligonga milango minne kuomba shahidi. Mlango wa kwanza mtu alijibu kwamba anaumwa. Wa pili taa ilizimwa. Wa tatu mama alisema mumewe yuko safari, na mumewe alikuwa anakohoa nyuma yake. Wa nne hawakufungua. Kete ziko juu ya boneti ya gari, zinahesabiwa kwa tochi ya simu, moja moja, na hati iko tupu sehemu ya shahidi. Nikasaini mimi. Nimevaa kikoi na fulana ya kulalia. Nilisaini kwa sababu kama nisingesaini, kazi yote ya mwaka ingeishia kwenye boneti ile. Leo saini hiyohiyo ndiyo inayotajwa kuwa ushahidi kwamba mwenyekiti "aliwaleta polisi". Naam, niliwaleta. Mliniagiza mwezi wa tatu.

Wapo wanaouliza mbona mwenye mali hakukamatwa. Kweli, hakukamatwa. Kiti chake cha plastiki kilikutwa, yeye hakukutwa, na baada ya wiki chache tukaambiwa anakaa ng'ambo ya mtaro, mtaa wa jirani. Wanaosema tumehamisha tatizo tu, nawaelewa, lakini nawauliza: watoto wanaokwenda shule ya msingi wanapita wapi sasa? Wanapita pale kona. Mwaka jana walikuwa wanazungushwa barabara kubwa. Na mzee mmoja aliniuliza swali zuri kuliko yote: Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa, kama kilo zote hizo zilinaswa, za kona yetu zilitoka wapi? Nilimjibu kwamba bandari bubu na majahazi si kazi ya chama chetu. Kazi yetu ni tofali lile moja.

Kuhusu wale mateja tisa. Baada ya siku chache waliachiwa, na watu walikasirika sana. Mimi sikukasirika, na hili najua litaleta maneno mapya. Teja ni mgonjwa, pusha ni mfanyabiashara. Sheria yenyewe inawatofautisha, maana anayeuza hata chini ya gramu 200 kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia teja kuacha heroini, ipo Muhimbili toka 2011, ikafuata Mwananyamala 2012 na Temeke 2014, na ni bure. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Wawili kati ya tisa wameanza, mmoja nilimpeleka mwenyewe kwa nauli yangu na sijaidai. Mama yake yuko hapa, ananisikia. Huyu kijana sasa anauza maji ya kunywa stendi, na jana alinidai mia mbili ya chenji. Sijui kama atadumu, maana wengine huanza na kuacha. Lakini nyaya hajakata tena.

Nimetaja nyaya. Taa sita tulizofunga kona ile na njia ya kwenda kisimani ndizo hizo zinazosemwa nimezila. Nne zinawaka. Mbili zilikatwa nyaya Julai, na nyaya zikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye sote tunamjua na ambaye ada yake ya uanachama ni moja ya chache zilizolipwa kamili. Nimemwandikia barua. Hajajibu.

HESABU NA ADA

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa wanachama 143 tulipaswa kukusanya 3,432,000. Tulikusanya 1,518,000. Deni ni 1,914,000. Tulianza mwaka na 212,000, jumla ya fedha zote ikawa 1,730,000. Matumizi: posho za doria 960,000, taa na nyaya 318,000, sanduku, kufuli na karatasi 97,000, rambirambi 200,000, mengineyo 68,000. Jumla 1,643,000. Salio 87,000. Risiti ziko kwa mweka hazina, na "mengineyo" ni soda za Juni, chaki, na nauli za kufuatilia kituoni. Asiyeamini akazione, toka Oktoba hakuna aliyekwenda.

Posho za Agosti zilichelewa kwa sababu hiyo hiyo mnayoiona kwenye deni. Kijana analala nje usiku kucha na filimbi na rungu kwa ajili ya geti la mtu ambaye hajalipa toka Februari, na mtu huyo ndiye wa kwanza kuuliza asubuhi doria ilikuwa wapi. Majina ya wadaiwa ninayo. Mtendaji amenishauri nisiyabandike ukutani. Nimekubali kwa mwaka huu.

MWAKA UNAOKUJA

Kamati inatarajia, Mungu akipenda, kuongeza taa, kumpata mwenye pagale ili alimalizie au alizungushie ukuta, na kuzungumza na mtaa wa jirani ili doria zetu zikutane mtaroni. Tunafikiria pia kuwatafutia vijana namna ya kujishughulisha, tutaona itakavyokuwa. Sanduku limehifadhiwa ofisi ya mtaa na litatumika tena kamati ikiona inafaa. Wasiolipenda walete hoja mkutanoni, siyo msibani. Wasiotaka kuonekana ofisini wapige 119, namba ya bure ya ile Mamlaka ya dawa za kulevya.

Nahitaji watu watano watakaokubali kuwa mashahidi wakiitwa usiku. Mkaguzi amesema yuko tayari kuwaelekeza jinsi hati inavyosomwa kabla ya kusainiwa. Mpaka ninapoandika haya nina jina moja, la mama chapati wa kona, naye hana hata geti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti