Aliyemaliza dozi ya TB apimwe na mapafu

Mhariri,

Mgonjwa akimeza dawa za TB miezi 6 na makohozi yakakutwa hayana vidudu, kadi yake inaandikwa "amepona" na kliniki haimwiti tena. Vidudu kweli vimekufa, lakini makovu yamebaki. Kwa mkazi wa milimani Mabatini au Igogo, hapa Mwanza, hayakawii kujionyesha: ngazi za mawe alizokuwa akizipanda na ndoo kichwani bila kusimama, sasa anazipumzikia mara tatu.

Akirudi hospitali na kikohozi, wengi huanzishiwa dozi upya. Hili linatuuma sana. GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, husoma vinasaba vya kidudu, awe hai au mfu, hivyo kwa aliyetibiwa karibuni huweza kuonyesha TB ambayo haipo. Eksirei nayo huonyesha makovu ya zamani. Makohozi yaoteshwe maabara kuona kama yana vidudu hai, na picha mpya ilinganishwe na ile ya mwisho wa matibabu, ambayo mara nyingi haikupigwa.

Tunachoomba ni hiki: makohozi yakiwa safi mwezi wa 6, mgonjwa apigwe picha ya kifua na apulize spirometa, kifaa kinachopima hewa inayotoka mapafuni. Avute hewa mpaka kifua kijae, abane mdomo wa kifaa kwa midomo, kisha apulize kwa nguvu zote mfululizo, sekunde 6 au zaidi. Inahitajika mipulizo mizuri 3, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Akianza polepole au hewa ikivuja pembeni mwa midomo, jibu halifai, arudie. Anayekohoa damu asipulize kabisa. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya yote aliyotoa, avute salbutamol, dawa ya kupanua njia za hewa, mara 4 na apimwe tena baada ya dakika 15. Ikibaki chini ya asilimia 70, njia za hewa zimebana.

Anayeamka na makohozi mengi afundishwe kuyatoa: avute pumzi ndefu mara 3 au 4, aishike sekunde 3 kila mara, kisha ahemee nje kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Atembee dakika 20 hadi 30, siku 5 kwa wiki. Anayebanika samaki mwaloni akae upande unakotoka upepo. Sigara aache kabisa.

Akikohoa damu aende hospitali siku hiyohiyo. Huenda TB imerudi, lakini huenda pia ni kuvu iliyoota ndani ya tundu la pafu, na hiyo haitibiwi kwa vidonge vya TB.

Wahudumu wa tiba ya kifua,
Mwanza